Treni au teksi ya mtandaoni? Anza na kipande cha mwisho cha safari

Kwa miaka mingi niliamua namna ya kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini kwa kulinganisha nauli peke yake. Niliachana na utaratibu huo baada ya usiku mmoja ambapo treni ilinifikisha mjini haraka na kwa nauli ndogo, lakini lifti ya kituo nilichoshukia ilikuwa mbovu, na kutoka hapo hadi hotelini kulikuwa na mwendo wa dakika 20 kwa miguu, nikiburuta begi la kilo 23 kwenye barabara ya mawe huku mvua ikininyeshea. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni moja: baina ya kituo cha kushukia na mlango wa hoteli kuna nini?

Swali hilo lijibiwe kabla ya kusafiri. Fungua ramani, tafuta kituo kilicho karibu na hoteli, hesabu ni mara ngapi utabadilisha treni, kisha hakikisha kwamba kituo kina lifti. Ikiwa mwendo wa miguu hauzidi dakika kumi na treni za kubadilisha hazizidi mbili, mimi huchagua usafiri wa umma bila kusita, kwa sababu treni haikai kwenye foleni ya magari. Iko miji ambayo uamuzi huu ni mwepesi zaidi: pale uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe, uwanja wa Heathrow umeunganishwa na katikati ya London kwa njia ya treni ya Piccadilly tangu 1977, na uwanja wa Narita uko umbali wa takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, kiasi kwamba kwenda kwa gari ni gharama kubwa hata kama barabara ni nyeupe.

Hesabu hubadilika mnapokuwa wengi. Nauli ya treni hulipwa kwa kila kichwa, ilhali gari hulipwa kwa safari, hivyo watu watatu au wanne wenye mizigo wanaweza kukuta tofauti imekuwa ndogo mno. Ukiwa na mtoto mdogo au mzazi ambaye magoti yanamsumbua, usihesabu kabisa, chukua gari.

Jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau ni saa. Usilinganishe saa ya ndege kutua na saa ya treni ya mwisho. Linganisha saa utakayotoka nje, baada ya uhamiaji, mizigo na forodha. Kwa safari za kimataifa mimi huongeza saa moja na nusu, na nikiona kwamba nitaikaribia treni ya mwisho, najihesabu kuwa nimeikosa. Chicago ni nafuu kwa wanaochelewa, kwa kuwa treni za njia ya Blue Line hutoka uwanja wa ndege wa O'Hare usiku na mchana, lakini miji mingi haina huduma ya namna hiyo.

Teksi ya mtandaoni nayo ina masharti yake. Bei hupanda wanaohitaji magari wanapozidi magari yaliyopo, kwa mfano ndege kadhaa zinapotua kwa pamoja. Mara kadhaa nimekaa kwenye kiti kwa robo saa na kuiona bei ikishuka. Mahali pa kupandia pia huenda pasiwe mlangoni: Los Angeles, tangu 2019, abiria wengi wa teksi hizi huchukuliwa kwenye eneo maalumu lililo nje ya majengo ya abiria. Simu iwe na chaji na intaneti, linganisha namba za gari na zile ulizotumiwa, na umwache dereva alitaje jina lako badala ya wewe kumtajia. Anayekufuata ndani ya ukumbi akisema ana gari, mkatalie kwa adabu.

Siku hizi, nikiwa peke yangu na begi kubwa, mara nyingi nachanganya njia zote mbili. Napanda treni hadi kituo kikubwa chenye lifti, hata kama sicho kilicho karibu zaidi na hoteli, kisha naita gari kwa zile kilomita mbili au tatu zilizobaki, ambazo hata bei ikiwa imepanda haziumizi sana.