Si bakuli hilo, mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepunguza kuuma, na ule mwembe wa uani umezaa mwaka huu mpaka matawi yamelalia bati. Watoto wa jirani wameshahamia kwetu.

Picha yako niliipata, na swali lako pia, ingawa umeliandika kama mtu anayewahi daladala: "Baba, wiki ya tatu hii nafuma kitambaa cha meza cha kroshia, kila nikifika katikati kinajikunja kama bakuli. Niache? Na wewe utamu wa kufuma uliuona wapi, maana mimi naona hasira tu?" Nimeona nikujibu kwa barua. Kwenye simu nikianza kueleza, mama yako ananidakia maneno, tunaishia kubishana sisi wawili na vocha yako inakwisha.

Nianze na bakuli. Nilimwambia kijana wa dada yako aikuze ile picha, nikavaa miwani, nikahesabu. Mzunguko wa kwanza 6, wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Hujakosea hata mmoja. Kwa hesabu wewe ni mtoto wa mama yako kweli. Lakini tazama ulichofuma kimekaaje. Hizo ni nguzo. Kabla ya kuingiza sindano kwenye tundu umezungusha uzi mara moja, ukaingiza, ukavuta, ukapitisha mara mbili, kikasimama kitu kirefu. Na hesabu ya sita sita si ya nguzo. Ni ya zile fupi, ambazo huzungushi uzi kwanza: unaingiza, unavuta, unapitisha mara moja, basi.

Fikiria watu walioshikana mikono kuuzunguka mwembe wetu. Wakirudi nyuma hatua fupi, mikono inataka kuachana, unaongeza watu 6 wanaziba pengo. Wakirudi hatua ndefu mara mbili ya ile, pengo nalo ni mara mbili, wanatakiwa 12. Wewe umewarudisha hatua ndefu ukawaongezea 6 tu. Hawatoshi, wanavutana, na kwa kuvutana duara linanyanyuka pembeni. Ndiyo bakuli lako. Ungewaongeza kupita kiasi wangebanana, na kitambaa kingefanya mawimbi kama rinda la gauni.

Kosa lilitoka wapi? Nakisia ulijifunza kushika sindano kwa video ya Mmarekani, halafu maelezo ya kitambaa ukayatoa kwa Mwingereza. Hawa watu lugha yao moja, lakini kwenye kroshia hawaelewani. Mmarekani akisema dabo krosheti anataka nguzo. Mwingereza akisema dabo krosheti anataka ile fupi, ambayo Mmarekani anaiita singo. Nguzo yeye anaiita trebo. Kwa hiyo ukipata maelezo popote, kabla ya kugusa uzi tafuta neno singo. Ukilikuta, ni ya Kimarekani, maana Mwingereza hana singo.

Hilo la utamu ni refu kidogo.

Unakumbuka mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa dagaa amezoea kukaa nchi kavu siku chache za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa zetu hazina kazi, na siku hizo tunakuwa pale mwaloni Kibirizi tunashona nyavu. Lakini miezi mitatu! Nyavu zangu nilizimaliza wiki ya pili. Nikashona na za wenzangu. Wiki ya nne mama yako akaniambia, "Mzee, unazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia," akanirushia kidonge cha uzi.

Sindano hakunipa. Zake anazilinda, hasa ile nyembamba ya chuma anayofumia vitambaa vya makochi, ambayo aliachiwa na bibi yako. Nikaenda kwa fundi baiskeli nikaomba spoku mbovu, nikakata kiasi cha shibiri, nikatia mkato nchani kwa tupa, nikaisugua kwa msasa mpaka ikaacha kukwaruza. Spoku ya kawaida unene wake ni milimita 2, na hapo ndipo panapotakiwa kwa uzi wa kofia. Ndiyo ninayofumia mpaka leo. Baadaye kijana akanisomea kwenye simu kwamba neno kroshia asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni ndoano ndogo. Nilicheka peke yangu. Miaka yote hiyo mama yako anavua kwa ndoano sebuleni na mimi sina habari.

Alinisomea pia habari za Ireland, viazi vilivyooza mashambani kuanzia mwaka 1845, watu wakafa njaa kwa wingi, na wanawake wa huko wakafuma lesi za kroshia wakauza ili wapate kula. Ilinikaa moyoni, kwa vile nilikuwa nimekaa mbele ya ziwa lililofungwa. Ila nisikudanganye, mimi sikufuma kwa njaa. Nilifuma kwa sababu mikono ilikuwa inawasha kwa kukosa kazi.

Mikono yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Kamba zimeichana, na uzi laini ulinasa kwenye kila ufa wa kidole. Nikajipaka mawese. Vidole vikalainika, uzi ukateleza vizuri, na kofia yangu ya kwanza, ya uzi mweupe wa pamba, ikatoka na rangi ya chungwa kama imepikwa na mihogo. Mama yako aliionyesha kila mgeni mpaka Idi. Siku hizi napaka mafuta ya nazi usiku, asubuhi nanawa kwa sabuni ndipo nashika uzi.

Kofia ya pili ndiyo iliyonijibu hilo unaloniuliza leo. Nilikuwa nimefika mzunguko wa kumi na moja, najiona fundi. Mama yako akaitazama kutoka mlangoni, hana hata miwani, akasema mzunguko wa nne una nguzo moja pungufu. Nikasema, nani msikitini atahesabu nguzo za kofia yangu? Hakujibu. Alikuja, akachomoa sindano, akashika ncha ya uzi, akavuta.

Nilikasirika, mwanangu. Jioni tatu za kazi zilipita mbele ya macho yangu, trrr, kama mtu anayefungua zipu. Nikanyamaza kwa kuwa ningesema ningekosea. Kisha nikautazama uzi. Ulikuwa wote mapajani pangu, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa, lakini haukupungua hata shibiri moja.

Wavu hauko hivyo. Wavu ni fundo juu ya fundo; ukikosea unakata, na kilichokatwa hakina kazi tena. Na ziwa ndiyo usiseme. Nina miaka 64, nimepoteza nyavu kwa upepo wa kusi, nimepoteza injini moja ikazama naiangalia, na sijawahi kushika kitu nilichokiharibu kikarudi mkononi kizima kama siku niliyokinunua. Kroshia yote, hata shuka la kitanda, imeshikwa na kitanzi kimoja tu, kile kilicho kwenye sindano. Kiachie, vuta, shuka lote linarudi kuwa uzi. Ile mizunguko iliyobaki niliifumua mwenyewe, polepole, nikisikia nguzo zinavyoachia moja moja, na nakuambia wewe tu, nilifurahi kufumua kuliko nilivyofurahi kufuma. Mama yako asisome hapa.

Tangu usiku ule mkono wangu ulilegea. Ukilegea, matundu yanapanuka, sindano inaingia bila kupigana nayo. Nimeona kwenye picha yako jinsi uzi ulivyokazwa. Hiyo ni hofu ya kukosea, inaonekana kwenye kitambaa kama inavyoonekana usoni. Ndiyo maana vidole vinakuuma na unaona hasira tu.

Basi usiache. Bakuli hilo lakini usiliendeleze. Usiku wa leo mtoto akishalala, chukua chai yako, lifumue lote. (Mama yako anapinga. Anasema ulilete lilivyo, ataweka vitunguu saumu.) Ukishamaliza anza na nguzo 12, mzunguko wa pili 24, wa tatu 36, kila mzunguko unaongeza 12. Na vile vitanzi vitatu vya mnyororo unavyopandia mzunguko mpya vihesabu kuwa nguzo moja. Wengi wanavisahau, halafu hesabu inapishana wasijue kwa nini.

Halafu huo uzi mweusi, nani alikushauri? Mimi navua usiku lakini uzi mweusi siuwezi. Mwanafunzi anatakiwa kuona matundu yake, nunua wa rangi ya maziwa, nunua wa pinki, wowote mweupemweupe. Kama hujui ni uzi gani, kata kipande uchome ncha: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, ule wa plastiki unaoitwa sufi unayeyuka na kuganda kama ushanga. Wa plastiki unafaa kwa sweta na kofia za baridi ya huko Dodoma, ila usiupige pasi ya moto, utalala na hautaamka. Kitambaa cha meza kitake pamba. Ukiitwa ghafla katikati ya kazi, choma pini kwenye kile kitanzi kimoja, uende zako. Hiyo ndiyo nafuu ya kroshia kwa mtu mwenye mtoto: wanaofuma kwa sindano mbili wana mstari mzima wa vitanzi wa kulinda, wewe una kimoja.

Mama yako anasema niandike habari ya wanga. Naandika. Kitambaa kikishakamilika, fua, korogea uji mwepesi wa wanga wa muhogo, uchuje, kichovye, kikamue, kitandaze na kukinyoosha kwa pini juu ya taulo mpaka kikauke. Usitumie maji ya sukari kama wanavyofanya wengine. Yeye alijaribu mara moja, sisimizi wakahamia sebuleni na kubeba heshima yake yote. Haya, nimeandika.

Jirani yako akishaona umejua atakuambia uanze kuuza. Ukitaka uza, ni haki yako, ila si mwaka huu. Ukihesabu saa zako kwa bei ya kofia utalia. Kofia za dukani zinazofumwa kwa mashine ni rahisi, na mashine yenyewe inafuma kama sweta au inadarizi. Kroshia halisi bado ni ya mkono, na mkono unachelewa.

Lakini umbo la bakuli usilichukie, maana kofia ni bakuli lililosubiri. Unafuma duara bapa, 12 juu ya 12, mpaka lifike upana wa utosi, ndipo unaacha kuongeza. Nguzo moja juu ya moja. Ukuta unasimama wenyewe. Wewe ulichokosea ni kuusimamisha kabla ya wakati, kwa hiyo nusu ya ufundi wa kofia unayo tayari bila kujua. Upana wa utosi unaupata kwa kugawa mzunguko wa kichwa kwa 3.14. Changu ni sentimita 57, utosi wake 18. Mimi sina haja ya kalamu: nazungusha uzi kichwani, naukunja sehemu tatu sawasawa, napunguza upana wa kidole kidogo.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Mpime kichwa mjukuu wangu, yule mume mwenza, juu kidogo ya masikio, akiwa amelala, maana akiwa macho hatulii. Usikadirie, mara ya mwisho ulikadiria kiatu na tunajua yaliyotokea. Wewe fuma moja, na mimi nafuma moja, kichwa ni hichohicho, tuone ipi itamkaa. Spoku ya pili nimeshakukatia. Inakuja kwa basi la Jumatatu pamoja na dagaa na vidonge viwili vya uzi wa maziwa. Mama yako amefunga uzi kwenye nailoni mbili, lakini ukifika unanuka dagaa, uanike kivulini siku moja.

Nasubiri namba ya kichwa.

Ni mimi baba yako.