Mto unakula shamba langu: tuchimbe mchanga wa ng'ambo?

SWALI: Nina shamba la kokoa Kyela, kando ya Mto Kiwira, kwenye kona. Kila masika ukingo wangu unameguka, na ng'ambo fungu la mchanga linatanuka. Majirani wanasema tukilichimba, maji yatarudi katikati. Ni kweli?

JIBU: Mkilichimba, mafuriko ya kwanza yatalirudisha. Kona ndiyo inayolijenga.

Maji yakifika kwenye kona hujirundika upande wa nje, yaani kwako, hata uso wake unainuka kidogo kuliko ng'ambo. Ya juu, yenye kasi, yanaupiga ukingo wako na kuzama. Ya chini yanasukumwa kuelekea ng'ambo, yakiburuta mchanga sakafuni. Huko kina ni kidogo, kasi inapungua, mzigo unabwagwa. Na usidhani ule ni udongo wako: mwingi umetoka sehemu za juu za mto. Wa kwako unaenda kutua kona za chini.

Kiwira una mzigo wa kutosha. Mlima Rungwe, upande wa juu wa mto, una mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, mto unakoishia, halifiki mita 500. Huko juu mto unabingirisha mawe, ukifika tambarare ya Kyela nguvu imepungua na mchanga unabaki.

Kiangazi, shuka ukautazame ukingo wako. Mara nyingi juu kuna mfinyanzi, chini tabaka la mchanga. Mchanga haushikamani, hivyo unalika kwanza, na mfinyanzi unabaki ukining'inia. Maji yakishuka, udongo uliolowa umekuwa mzito na hakuna tena maji ya kuuegemeza. Ndiyo maana kingo nyingi huanguka mafuriko yakishapita, watu wakidhani hatari imekwisha.

Kwa hiyo mifuko ya mchanga juu ya ukingo ni kupoteza nguvu. Kinga mguu wake: mawe makubwa au gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) kuanzia sakafuni, juu yake matete au vetiva (nyasi za mizizi mirefu). Kokoa irudishe nyuma, mbali na ukingo. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisiguswe na shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto.

Shimo la mchanga lina balaa lingine: mdomo wake wa juu unamomonyoka kurudi mtoni juu, na ukikuta daraja, nguzo zinabaki wazi.

Mawe yaanze juu kidogo ya panapolika na yapite mwisho wa kona. Ukiishia katikati, mto utayazunguka kwa nyuma. Kibali kaombe kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, maana ukiugeuza mkondo, anayefuata kuliwa ni jirani wa chini yako.