Sala za Kila Siku na Afya ya Mwanamke: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa kinamama na mabinti wa parokia mbalimbali za Nyanda za Juu Kusini, nao wote wanataka kujua namna ya kushika sala za kila siku bila kuutupa mwili. Tumechagua matano.

Tumsifu Yesu Kristo. Nauza viazi sokoni. Naamka saa kumi alfajiri na kurudi nyumbani giza limeingia. Zahanati wameniambia nifanye mazoezi kwa sababu ya presha, lakini hata rozari yenyewe inanishinda kuimaliza. Nianze na kipi? (Mama wa Makambako)

Milele amina, mama. Anza na vyote viwili kwa pamoja, kwa maana rozari haidai kusaliwa mtu akiwa ameketi. Matendo matano, yaani mafungu matano ya rozari, huchukua takribani dakika 20, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukisali ukiwa njiani kwenda sokoni kila siku, utakuwa umefikisha dakika 140 bila kutenga muda mwingine wowote. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kutamka Salamu Maria bila kukatika pumzi, ila ukijaribu kuimba pumzi haikutoshi. Kwa kuwa alfajiri bado ni giza, tafuta mwenzako wa kutembea naye, mmoja aanzishe na mwingine aitikie, jambo ambalo ni la usalama na ni la kawaida ya rozari yenyewe.

Saa sita mchana, unapofika wakati wa sala ya Malaika wa Bwana, inuka kwenye kigoda, nyoosha mgongo, usali, kisha unywe maji. Nasisitiza maji kwa sababu baridi ya kwenu huficha kiu, na kinamama wengi wa sokoni hujinyima maji kwa makusudi wakiogopa vyoo, halafu wanashangaa kupata maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara. Dawa za presha, kama umeandikiwa, ziweke pale unaposalia sala ya asubuhi na uzinywe hata siku unazojisikia mzima.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, hivyo tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga madirisha na kusali rozari ya familia. Binti yangu mjamzito analalamika kichwa na kizunguzungu kila tukimaliza. Je, ni ujauzito tu? (Bibi wa Uyole, Mbeya)

Shikamoo bibi. Tafadhali litoeni jiko hilo leo. Mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu; kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito ndizo dalili zake, na anayelala nayo huenda asiamke. Kwa mjamzito hatari ni mara mbili, kwani mtoto aliye tumboni naye hukosa oksijeni. Mpelekeni binti kliniki akapimwe na mweleze wazi habari ya jiko, kwa sababu maumivu ya kichwa katika ujauzito yaweza pia kutokana na presha. Rozari isalini mkiwa mmejifunika mablanketi.

Nanyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Kwaresima iliyopita nilifunga hadi maziwa yakapungua, nami niliona aibu kula mbele ya wenzangu. Kanisa linasemaje? (Dada wa Mafinga)

Kanisa lina huruma kuliko wenzako, dada. Sheria ya kufunga inawabana waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, nayo inahusu siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu; hata siku hizo mtu huruhusiwa mlo mmoja kamili na chakula kidogo asubuhi na jioni. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha huhesabiwa kuwa na udhuru. Ukitaka kujinyima kitu, jinyime soda au simu ya usiku, lakini ugali, maharage, mboga za majani na parachichi, ambalo huko kwenu halikosekani, uvile vya kutosha. Chai ya rangi uinywe wakati wa sala, si pamoja na mlo, maana hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata katika maharage na mboga.

Nimegusa uvimbe kwenye titi. Wenzangu wa kikundi cha sala wanasema nimalize kwanza novena, yaani sala ya siku tisa, tena nisionyeshe imani haba kwa kukimbilia hospitali. (Msomaji wa Tukuyu)

Nenda hospitali wiki hii, na novena uendelee nayo ukiwa kwenye foleni. Wenzako wanakupenda bila shaka, lakini ushauri huo si wa Kikatoliki. Fungua Yoshua bin Sira, sura ya 38: mgonjwa anaambiwa asali bila kuchelewa, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana, aliyeziumba pia dawa kutoka ardhini. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa nayo haijawahi kuwekwa ili kuchukua nafasi ya matibabu, na padre wako atakueleza hivyo hivyo.

Vimbe nyingi za matiti si saratani, ila hakuna awezaye kuzitofautisha kwa kugusa. Daktari atakuchunguza, pengine kwa ultrasaundi, na ikibidi atachukua kinyama kidogo kikapimwe. Hospitali ya karibu ikikosa kipimo, omba rufaa kwenda Mbeya. Ikiwa una miaka 30 au zaidi, ulizia siku hiyo hiyo uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini na ambayo hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Kama unaogopa kwenda peke yako, mwombe mmoja wa hao wa kikundi akusindikize. Nadhani atakubali.

Magoti yananiuma nikipiga magoti kwenye sakafu. Je, sala ya kukaa ina thamani? (Mama wa Kihesa, Iringa)

Inayo. Nyumbani uko huru kusali umekaa, umesimama au umelala, na hata katika Misa anayezuiwa na afya hapigi magoti. Anasimama, kisha anainama sana padre anapopiga goti baada ya mageuzo, yaani mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Magoti yakivimba au yakiwa ya moto, yapeleke kwa daktari. Kama ni maumivu ya kawaida, zoea kuinuka kitini na kuketi taratibu mara kumi, asubuhi na jioni, ili misuli ya mapaja ipate nguvu ya kuyabeba.