Tuna watoto saba, mbona rifandi yetu (hela ya kodi tunayorudishiwa) ni sawa na ya wenye wanne?

SWALI: Dada shikamoo. Sisi tulifika Texas mwaka 2019 kutokea kambi ya Nyarugusu tukiwa na watoto watano, sasa wako saba. Bwana yangu yuko kiwanda cha nyama, mwaka 2025 alipata dola 42,000, kazini hawamkati kodi ya federali, mimi niko nyumbani na wadogo. Sasa mwaka ule wa korona hela za watoto zilikuwa zinaingia benki dola 1,350 kila mwezi na tulipofaili takisi zikaja zingine, leo watoto wameongezeka halafu hela imepungua! Mtu wa takisi anasema mkubwa wetu aliyetimiza 17 mwezi wa kumi na moja hahesabiki tena, haya, na hao sita je? Tumepata dola 10,600 baada ya yeye kukata 900 zake. Jirani ana watoto wanne, mshahara sawa na wetu kabisa, na rifandi yake kabla ya kukatwa ni ileile. Tumeibiwa? (Mama wa Saba, Fort Worth)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimekaa na hesabu yako jioni nzima nikaipiga mara mbili, na jibu litakuuma, rifandi aliyokutolea ni sahihi. Kwa mshahara huo wanne wa jirani na saba wako wanaleta hela ileile, sheria ndiyo imeandikwa hivyo.

Iko hivi. Kwa mwaka wa kodi 2025 kila mtoto ambaye hajatimiza 17 mpaka Desemba 31 ana krediti, yaani punguzo la kodi, ya dola 2,200, watu wakisikia hivyo wanazidisha mara sita wanapata 13,200 na wanaanza kupanga kununua gari. Ila kazi ya kwanza ya krediti ni kufuta kodi unayodaiwa, na nyinyi mnadaiwa kidogo sana, maana mkifaili pamoja mke na mume dola 31,500 za kwanza hazitozwi, inabaki 10,500, asilimia 10 yake ni 1,050. Hiyo imefutwa, ndiyo imeisha. Kinachobaki ndicho kinaweza kurudi mkononi na hapo wameweka vizuizi viwili, kisizidi 1,700 kwa kila mtoto, na pia kisizidi asilimia 15 ya mshahara wenu ukishatoa 2,500. Toa 2,500 kwenye 42,000, piga asilimia 15, unapata 5,925. Ukuta wenu ni huo. Mwenye watoto watatu kwa mshahara huohuo anarudishiwa 5,100, wa nne anaongeza 825 tu na ukuta umefika, kuanzia wa tano hakuna anayeongeza hata senti, wawe watano wawe kumi.

Halafu kuna ile krediti ya wafanyakazi wa kipato kidogo, EITC, hiyo nayo inahesabu watoto watatu basi, wa nne na kuendelea haiwaoni. Kwa mshahara wenu inakuja kama 5,600. Jumlisha na 5,925 unapata 11,500 na kidogo, ndiyo 10,600 yako pamoja na 900 alizokata. Na mkubwa wako kutimiza 17 hakujapunguza chochote, ukuta mlikuwa mmeshaugonga bila yeye, na kwenye EITC bado anahesabika mpaka afike 19, akiwa anasoma muda wote mpaka 24.

Mwaka 2021 ukuta huo waliuondoa, mwaka mmoja tu. Mtoto chini ya miaka 6 alikuwa na 3,600, mkubwa wake mpaka 17 alikuwa na 3,000, hata mama asiye na mshahara alipata zote, na nusu ya hela ilikuja kwa mwezi kuanzia Julai mpaka Desemba. Mwaka 2022 sheria ya zamani ikarudi. Mimi hili linaniuma na sitaki kulificha, mke na mume wanaopata dola 200,000 wakiwa na watoto sita wanapata zile 13,200 zote kamili, na baba anayekata nyama zamu ya usiku kwa ajili ya watoto saba anahesabiwa wanne. Viatu vya mtoto wa tano vinanunuliwa bei ileile.

Bwana yako asiogope ovataimu. Kwa kipato chenu kila dola 100 anayoongeza inawaongezea 15 kwenye krediti ya watoto na kupunguza 21 kwenye EITC, ukitoa na makato ya kazini ya Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya wazee) bado mnabaki na kama 86. Lakini hizo 900, mdogo wangu, hizo ndizo zimeniudhi. Kuna huduma ya VITA, watu wamefundishwa na wanafaili bure kwa wenye kipato kama chenu, wanakaa maktaba na makanisani kuanzia mwisho wa Januari. Na anayekuambia malipo yake ni asilimia ya rifandi yako, au anayekataa kusaini fomu aliyoijaza, ondoka.

SWALI: Nina watoto wawili hapa Columbus na watatu bado wako Bukavu kwa bibi yao, nawatumia hela kila mwezi. Naishi pia na mtoto wa dada yangu na mtoto wa binamu. Rafiki ananiambia niandike wote. (Baba J.)

JIBU: Wa Bukavu hapana kaka, hata ukiwatumia mshahara wote, mtoto lazima awe amelala kwako zaidi ya nusu mwaka na awe na namba ya Social Security. Mtoto wa dada yako ndiyo, akitimiza hayo anahesabika kama wako. Wa binamu, kwetu ni mwanao lakini kwao siyo, akikaa kwako mwaka mzima na wewe ndiye unayemlisha kuna krediti ya dola 500 ya kufuta kodi, hairudi mkononi. Huyo rafiki msikilize kwa mengine, ukidanganya watoto kwenye EITC unazuiwa kuomba krediti hiyo miaka 2, wakiona ni ulaghai wa makusudi ni 10, na hao wawili ulionao hapa watakosa haki yao muda wote huo.