Mianzi ya bustani na ya kwenye ndoo: maswali yenu kuhusu mbolea

Kiangazi hiki maswali mengi yaliyonifikia ni ya mianzi ya vichaka, ile inayokaa mahali pamoja na kujazia. Kuna ule wa manjano wenye michirizi ya kijani, na ule mwembamba wa majani madogo ambao watu huupanda kama ua au huuweka barazani kwenye chombo. Nimechagua maswali ya mbolea kwa sababu mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na matayarisho yake ni ya sasa.

Shikamoo bwana shamba. Kichaka changu kina miaka minne na miti yake bado ni myembamba. Niweke mbolea gani ili inenepe? (Msomaji, Katubuka, Kigoma)

Marahaba. Miti iliyokwisha simama haitanenepa, hata uimwagie mfuko mzima. Chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote. Hupanda kwa miezi miwili au mitatu, likafika kimo chake, na baada ya hapo linakomaa na kuwa gumu tu. Kwa hiyo mbolea unayoweka ni ya miti ambayo hujaiona bado. Inalisha majani, majani yanatengeneza wanga, wanga unawekwa akiba kwenye miti na kwenye tunguu, yaani shina nene lililo chini ya ardhi, na akiba hiyo ndiyo inayosukuma machipukizi ya msimu unaofuata. Tegemea kuona tofauti mvua za mwakani, na iliyo kubwa zaidi mwaka unaofuata.

Mwanzi ni wa jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi na muwa, na kama ndugu zake unapenda sana naitrojeni. Kwa kichaka cha umri huo, tandaza madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza kabla mvua hazijaanza. Mvua zikishakolea, weka robo kilo ya NPK 17:17:17 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kisha robo kilo ya CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) mwishoni mwa Januari. Usirundike mbolea kwenye mashina. Mizizi midogo inayokula imetawanyika kukizunguka kichaka, na mingi iko ndani ya sentimita 30 za juu. Pima hatua moja kutoka kwenye mti wa pembeni, chimbua mfereji mwepesi kuzunguka, nyunyiza, fukia. Ukitumia Urea, mbolea nyingine ya naitrojeni, kufukia ni lazima, maana ikiachwa juu ya udongo naitrojeni yake hupotea hewani.

Jambo jingine hukuuliza, lakini nadhani ndilo linalokupunguzia unene: unakata miti ya umri gani? Ukikata ya mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya uzio, unaondoa akiba niliyoitaja. Kata iliyozidi miaka mitatu, na ukate kiangazi.

Naitwa mchafu kwa sababu sifagii majani chini ya mianzi. Mkwe wangu anasema yataleta nyoka. Nifuate lipi? (Mama wa Ujiji)

Mama, endelea kuyaacha. Najua uwanja uliofagiwa alfajiri ni heshima ya nyumba, na sikuombi uache kufagia uwanja. Ninachoomba ni mduara ule ulio chini ya kichaka, basi. Mwanzi hupukutisha majani yake ya zamani hasa kiangazi, na majani hayo yana silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, ambayo mwanzi huitumia kuimarisha majani na miti yake. Mfuko wa kawaida wa mbolea wa dukani hauna silika. Ukifagia na kuchoma kila asubuhi, mwaka hadi mwaka unauhamisha udongo wako jalalani, halafu unaenda dukani kuununua upya, tena ukiwa pungufu.

Inua tabaka la chini la majani kwa mkono, pale yalipoanza kuwa meusi. Utakuta udongo laini wenye unyevu hata Agosti, na nyuzinyuzi nyeupe za mizizi zilizopanda kutoka ardhini zikaingia kwenye majani yenyewe. Ukifagia, unaing'oa mizizi hiyo.

Hofu ya mkweo ina msingi, kwa hiyo tuitatue. Kata vitawi vyote vya chini hadi usawa wa kiuno ili mwanga uingie na uone hadi katikati. Ondoa miti mikavu iliyolala. Majani yasizidi unene wa kiganja, na uache njia iliyofagiwa kati ya kichaka na ukuta wa nyumba. Pumba za mpunga ukizipata, ongeza juu, kwani nazo zina silika nyingi.

Jirani na mwalo wa Kibirizi tunapata vichwa na matumbo ya samaki bure. Vilevile shangazi yangu anakamua mawese. Je, hivi vinafaa kwa mianzi? (Kijana, Kigoma)

Vinafaa vyote, ila si vibichi. Mabaki ya samaki yana naitrojeni na fosforasi nyingi, lakini ukiyafukia juu juu mbwa watakufukulia kichaka usiku uleule, na nzi watamaliza kazi. Changanya na majani makavu kwenye shimo, tabaka kwa tabaka, funika kwa udongo, na usubiri miezi mitatu. Maji na mabaki ya samaki wa chumvi usiyatumie kabisa. Chumvi huunguza mizizi ya mwanzi na haiondoki haraka kwenye udongo, hasa kiangazi.

Kwa upande wa mawese, mikungu mitupu ya chikichi ni hazina ambayo Kigoma tunaitupa ovyo. Ina potasiamu nyingi, na ikitandazwa kukizunguka kichaka inatunza unyevu huku ikioza polepole. Yale maji mazito yenye mafuta yanayobaki baada ya kukamua ni habari nyingine. Yana asidi, na mafuta yake huziba udongo hewa isipite. Mwambie shangazi asiyamwage kwenye mianzi wala kwenye mgomba. Yaingie kwenye shimo la mboji yakaoze na takataka nyingine.

Mwanzi wangu uko kwenye ndoo ya lita 20 barazani. Naweka Urea kila wiki, lakini ncha za majani zimekauka na udongo una utando mweupe. (Msomaji, Mwanga)

Umeushibisha kupita kiasi. Utando huo ni chumvichumvi za mbolea zilizobaki maji yakikauka, na zinavuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuiachia inywe. Acha mbolea mwezi mzima. Kwangua utando, hakikisha matundu ya chini yako wazi, kisha mimina maji polepole hadi yatoke chini kwa wingi. Rudia baada ya siku chache. Ncha zilizokauka hazitarudi kijani. Angalia majani mapya.

Kwenye chombo mambo hayako kama ardhini. Mizizi haina pa kukimbilia, na kila unapomwagilia, maji huondoka na sehemu ya chakula. Ndiyo maana mwanzi wa kwenye ndoo unahitaji kulishwa mara nyingi, lakini kidogo kidogo. Kipimo changu ni kizibo cha soda: kizibo kimoja cha NPK kwa ndoo ya lita 20, mara moja kwa mwezi kuanzia Novemba hadi Aprili, na kila mara udongo uwe umeloa kwanza. Nusu pipa, vizibo vinne. Juni hadi Septemba usiweke, mwagilia tu.

Wengine hupenda mbolea ya maji, na mimi naipenda kuliko ya mfuko kwa vyombo. Loweka samadi ndani ya kiroba kwenye pipa kwa wiki mbili, kisha ongeza maji hadi ipate rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Jagi moja kwa ndoo kila wiki mbili linatosha, na kizibo cha NPK utakiacha.

Ukiona maji yanapita pembeni bila kuingia, au ndoo imeanza kupasuka, shida si mbolea tena. Utoe mwanzi, uugawanye kwa panga kali, kila kipande kiwe na miti mitatu au zaidi pamoja na tunguu lake, na upande upya kwenye udongo, samadi iliyooza na mchanga. Baada ya kugawanya, subiri machipukizi mapya ndipo urudie mbolea. Kazi hii huja kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Nimebakiwa na mbolea ya kukuzia tumbaku, mfuko umeandikwa 10:18:24. Mianzi itaikubali? Udongo wetu ni kichanga. (Mkulima, Tabora)

Itaikubali, mradi haijaganda kwa unyevu. Ila namba ya kwanza ndiyo naitrojeni, na hapo iko chini: kilo moja ina gramu 100, wakati kilo ya Urea ina 460. Iweke mwanzoni mwa mvua, kisha uongeze CAN. Kwa kichanga cha Tabora gawa kipimo mara tatu au nne badala ya mara mbili, kwa kuwa mvua kubwa moja inaweza kushusha naitrojeni chini ya mizizi. Samadi ndiyo itakayokusaidia kuizuia.

Majivu ya jikoni na samadi ya kuku, naweza kuchanganya? (Msomaji, Gungu)

Usichanganye. Majivu hufanya naitrojeni ya samadi ipotee hewani, harufu kali ikupe habari. Weka majivu kidogo peke yake, na samadi ya kuku iache ioze miezi miwili au mitatu kwanza, kwani mbichi huunguza.

Nikirutubisha sana, mianzi haitatambaa hadi kwenye msingi wa nyumba? (Msomaji, Bangwe)

Ya aina hii haitambai. Kila mti mpya huota kwenye tunguu fupi la mti uliotangulia, kwa hiyo kichaka hupanuka polepole kwa pembeni tu. Mbolea itakupa miti mingi na minene, basi. Panda mita tatu au zaidi kutoka ukutani, na machipukizi yatakayotokea upande wa nyumba yavunje yangali laini.