Jibu: Mtulinga umepona ila naogopa kumpanda farasi tena

Pole sana dada. Unasema ulianguka kwenye farasi ukavunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, na sasa daktari amekuruhusu, lakini ukitia mguu kwenye kikuku cha tandiko mwili mzima unatetemeka. Nimeyapitia.

Anza na kofia ngumu ya kupandia. Kama ndiyo uliyoanguka nayo, itupe hata kama huoni ufa, povu la ndani likishabonyea halikingi tena. Kisha usikimbilie kupanda. Mimi nilirudi kwenye kumpiga farasi brashi, kumwekea tandiko na kumwongoza kwa miguu hadi pumzi zikatulia. Ukipanda, omba farasi mzee mpole, mwalimu ashike kamba ndefu akuzungushe polepole, kazi yako iwe kukaa tu. Hofu ikipanda, toa pumzi kwa sauti. Ukiibana, na mapaja yanabana, farasi anadhani unamwambia aende! Shuka ungali na hamu. Bega likiuma ukivuta hatamu, hilo mrudishie daktari, mimi siliwezi.