Maswali ya wasomaji: Boti kabla ya mafuriko, pesa zitoke wapi?

SWALI: Kijiji chetu kiko kando ya Mto Tana, upande wa Garsen. Januari tuliiandikia kaunti tukiomba boti na matangi ya maji kutoka Hazina ya Dharura kabla ya masika. Tukajibiwa kuwa hazina hiyo haihusiki. Je, tumezungushwa?

JIBU: Hamkuzungushwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka Hazina ya Dharura ya kaunti ilipie jambo la haraka ambalo halikutarajiwa, wala haliwezi kungoja mwaka mwingine wa fedha. Mto uliofurika 2023 ukafurika tena 2024 hauwezi kuitwa jambo lisilotarajiwa. Tena kiwango cha juu cha hazina hiyo ni asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Boti inayonunuliwa kabla ya maji kuja hulipiwa na bajeti ya kila mwaka.

Kilichowaponza ni Januari. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia 30 Aprili, na mradi ambao haukuwa kwenye mpango huwa umekwisha kukosa nafasi. Pelekeni ombi Juni au Julai, kupitia kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wenu. Pitieni pia kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi: kaunti zilizo katika FLLoCA, mpango wa kugharimia kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, zinatakiwa kutenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo kwa kazi za namna hii.

Msiandike "msaada wa mafuriko". Andikeni hesabu. Tuseme mna nyumba 120 zenye watu sita sita: ni watu 720. Kwa lita 15 kwa mtu kwa siku, mnahitaji lita 10,800, kwa hiyo tangi moja la lita 10,000 halimalizi hata siku. Andikeni mara ngapi litajazwa na maji yatatoka wapi. Vyoo, kwa kuanzia, ni kimoja kwa watu 50, yaani 15. Ambatisheni kumbukumbu za baraza zilizotiwa sahihi, na barua ya mwenye ardhi ya mahali mtakapohamia mto ukifurika. Bila barua hiyo, mradi hukwama hata pesa zikiwapo.

Boti ndiyo yenye mtego mkubwa. Boti na injini huingia matumizi ya maendeleo, lakini petroli, matengenezo na posho ya nahodha ni matumizi ya kawaida. Mkiomba upande mmoja tu, mtapata boti itakayokaa juu ya mawe siku ya mafuriko. Ombeni pande zote mbili, na maboya ya kuvaa yatoshe kila abiria, yakiwemo ya watoto.

SWALI: Tukishatengewa, tutajuaje kama pesa zimetumika?

JIBU: Iandikieni kaunti barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, jina la mradi na mwaka wa fedha. Wanapaswa kujibu ndani ya siku 21, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Mto ukianza kupanda, tajeni hilo la saa 48 waziwazi kwenye barua, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.